Mkunga Aliyesubiri Ganzi

Mwaka 2006, msimu wa senene, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na miezi minne. Alhamisi ya tarehe 23 Novemba, saa tano asubuhi, nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, ambaye amebaki kuwa wa pekee, katika zahanati ya kijiji chetu, upande wa Ijumbi, wilayani Muleba. Mtoto alikuwa mkubwa, nami sikujua kusukuma kwa utulivu, msamba ukachanika. Mwanamke aliyenishona siku ile ndiye ninayemwandika hapa.

Sitamtaja jina. Jina lake liliandikwa vibaya katika karatasi moja, na chini ya karatasi hiyo kuna alama ya dole gumba langu. Kwa muda wa miaka kumi na saba na miezi tisa alama hiyo ilisema uongo kwa niaba yangu. Alikozaliwa, ukoo wake na sababu ya kutoolewa kwake sikuwahi kumuuliza, wala yeye hakuwa mtu wa kusimulia. Watu walimwita Nesi. Yeye alisema manesi wako wengi, na kazi yake ina jina lake, mkunga. Nami nitamwita hivyo.

Wakati ule wanawake wa kijijini tulijua kwamba kuzaa ni adhabu ya kwanza na kushonwa ni ya pili. Mama zetu walitufundisha kuuma pindo la kanga na kunyamaza. Mkunga hakuyakubali hayo. Alichoma sindano ya ganzi pembezoni mwa jeraha, polepole, akikuambia kila mara kabla sindano haijaingia. Kisha akaiweka kando, akainua mikono yake yenye glovu mbele ya kifua kama padre altareni, akangoja. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu kabla hajahamia kwetu, kwa hiyo alipima muda kwa sala. Aliongoza Salamu Maria kumi, fungu zima la rozari, na mgonjwa aliitikia akiwa amelala vilevile, miguu imepanuliwa. Kwa asiyekuwa Mkatoliki aliagiza ataje majina ya watu wote waliowahi kula nyumbani kwao, bila kuruka hata mgeni wa siku moja. Yakiisha, aligusa jeraha kwa ncha ya kibano na kuuliza swali ambalo wanawake wote wa kata yetu wanalifahamu:

“Nakuchoma au nakugusa?”

Ukijibu kwamba anakuchoma, aliongeza dawa, akarudi mwanzo wa fungu. Mimi nilisali mafungu mawili. Ndipo akashona tabaka kwa tabaka kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, akaingiza kidole kuhakikisha hajashona pasipostahili, akanifunika shuka mpaka magotini kabla hajavua glovu. Kufunikwa huko ninakukumbuka kuliko uchungu wenyewe.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia kwa wauguzi wapya waliotaka kuharakisha kazi: linaloshonwa bila kuulizwa ni gunia la kahawa. Mafundi wa ghalani, wenye zile sindano ndefu, walimtania kwamba anawaharibia jina. Aliwajibu kwamba hana ugomvi nao, ila siku gunia litakapolia watamwita.

Hakukariri majina ya watu. Alitukumbuka kwa uzito wa watoto wetu. Ungekuwa unatoka misa ya kwanza umevaa vizuri, umejipaka mafuta, nyuma yako sauti inaita, “Kilo Mbili na Nusu, mbona hukuja kliniki?” Nawe ulisimama, maana ulijua ni wewe. Mke wa katekista alikuwa Kilo Tatu Kasoro. Mimi nilikuwa Kilo Nne na Robo, na nitakiri kwamba nilijivunia cheo hicho wakati ambapo sikuwa na kingine.

Vitambaa vyetu vya uzazi tulivianika chini ya kitanda, gizani, kwa aibu. Yeye alifunga kamba nyuma ya zahanati, upande ule wa njia iendayo kanisani, akatuamuru tuvianike pale, vilivyochemshwa, juani. Katekista alikwenda kulalamika kwamba waumini wanapita. Mkunga alimjibu kwamba hata altareni vitambaa vyeupe hutandikwa mbele ya watu, na hakuna aliyewahi kufumba macho. Kamba ikabaki.

Alipotufundisha hakupandisha sauti. Siku ya kwanza, kitambaa cha maji baridi kutoka kwenye mtungi wake, kwa dakika chache, kisha pumzika. Vidonge vya maumivu kwa saa zake, si mpaka uanze kuugulia. Alisema maumivu ni mgeni mwenye makalio mazito, mfungie mlango kabla hajaketi. Jisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma kila uendapo haja. Lala ubavu. Kunywa maji, kula papai na mboga, maana choo kigumu ni adui wa uzi. Usibebe ndoo. Ukisikia harufu, ukiona usaha au ukipata homa, usimngoje mume arudi, njoo.

Vita yake kubwa ilikuwa na maji ya moto. Kwetu mzazi hukandwa. Mama mkwe huchemsha maji pamoja na majani, huchovya kitambaa na kukukandamiza tumbo na huko chini, akiamini kwamba damu iliyobaki huoza na kwamba jeraha hukauka kwa moto. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya, na asiyemkanda mkwewe husemwa kuwa hampendi. Mkunga alilijua hilo, kwa hiyo hakuwatukana kina mama wakwe. Alimwita mkwe mtu mzima kitandani, akaushika mkono wake kwa heshima na kuutumbukiza hadi kiwiko katika beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. “Hivi, mama,” alimwambia. “Siku mkono wako utakapotaka kuruka, ujue na yeye anataka kuruka, ila ameolewa.” Kina mama walicheka, na waliocheka hawakumchoma mtu.

Mama mkwe wangu hakuwepo kuutumbukiza mkono wake. Wiki ile alikuwa msibani Buganguzi. Mkunga aliniagiza nimfikishie ujumbe.

Mwanamke yuleyule alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliyekataza wengine kuvumilia alikuwa mvumilivu wa kupindukia: aling’olewa jino mjini Muleba bila ganzi, kwa sababu kichupa kilikuwa kimoja na nyuma yake kwenye benchi alikaa binti mdogo. Aliyetufunika shuka kwa upole alikuwa na ulimi wa kukwaruza. Mwanamume aliyeingia bila kubisha hodi alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Na Jumapili, baada ya misa ya pili, kama hakuna mzazi zahanati, alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kibuyu kimoja, kwa mrija, ameketi hadharani mbele ya nyumba yake, kama wafanyavyo watu wazima wa kwetu. Hakunywa Jumatatu wala siku nyingine yoyote. Nakiandika kibuyu hicho kwa sababu kitarudi.

Mama mkwe alirejea Jumanne ya tarehe 28 Novemba, siku yangu ya tano. Alipofika hakuweka hata mzigo chini. Alinishika shavu, akaniuliza kwa huruma ya kweli, “Mwanangu, hawajakukanda?” Mimi nilikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja. Sikujua kusoma wala kuandika, sikuwa na mtoto mwingine, na ujumbe wa Mkunga ulikuwa wa mdomo tu. Nikaona kwamba kumwambia mama huyu kuwa mtu wa serikali amemkataza kuniuguza nyumbani kwake ni kumpiga kofi. Nikanyamaza.

Maji yalichemka. Alinishika mabega, akaniambia nivumilie kwani ndiyo dawa, nami nikavumilia, maana nililelewa kujua kwamba bibi arusi akilia kwa kukandwa wazazi wake huchekwa. Siku ya pili tukarudia, na ya tatu. Ijumaa ya tarehe 1 Desemba nyuzi zilikuwa zimefumuka na chumba kina harufu. Mume wangu alitandika mto juu ya baiskeli, akaniketisha, akaisukuma kwa miguu mpaka zahanati, akisimama kila penye jiwe.

Mkunga alifunua, akatazama, akamwomba mume wangu atoke nje. Ngozi kandokando ya jeraha ilikuwa imebabuka kama ganda la ndizi lililopitishwa kwenye moto. Hakuna uzi unaobabua ngozi. Aliuliza neno moja tu, “Maji?” Nikamjibu, maji. Kisha nikamshika kiganja, nikamwomba asimwambie mtu, si mume wangu, si mwenyekiti, si padre, maana nikimtaja mama mkwe nitarudishwa kwetu na mtoto atabaki.

“Yanayosemwa juu ya kitanda hiki,” alisema, “hayatoki mlangoni.”

Hakunishona tena siku ile. Alieleza kwamba jeraha chafu halifungiwi mlango. Litasafishwa kila siku lipone kutoka ndani, na kama halitatulia kwa siku tatu atanipeleka hospitali ya wilaya. Alinipa dawa ya kuua vijidudu na vidonge vya maumivu, akaniagiza nimeze vidonge hivyo nyumbani kila siku kabla ya kuanza safari, ili viwe vimeshaanza kazi nikifika. Hata kwa kusafisha tu alingoja. Tulisali mafungu mengi Desemba ile. Siku ya tatu homa ilishuka.

Kijijini walianza kuuliza. Mama mkwe alijibu kwamba uzi ulikuwa mbovu, na sidhani kama alisema uongo. Hakuweza kuamini kwamba dawa aliyokandwa nayo yeye na mama yake ndiyo iliyofumua. Baba mdogo wa mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ndiye msomi wa ukoo. Akaona aibu ya ukoo ina mahali pa kutuliwa. Jumamosi ya tarehe 9 Desemba asubuhi alinipeleka ofisi ya kijiji na karatasi mkononi. Alinisomea kwa Kihaya kwamba uzi ulilegea na tunaomba nesi awe mwangalifu. Nikauliza kama ni hayo tu. Akasema ni hayo tu, mwanangu. Mtendaji alisogeza kidau cha wino. Nikabonyeza.

Alasiri ile nilikwenda kusafishwa kidonda kama kawaida. Kidole nilikificha ndani ya ngumi. Alipomaliza kazi yake, alikikunjua bila kuuliza, akakitazama, akachukua pamba yenye spiriti, akakisugua taratibu mpaka kikawa cheupe. “Wino wa ofisi hautoki kwa sabuni,” alisema. Akatupa pamba. Akaniuliza kama nimekula papai.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 16, mkutano mkuu wa kijiji uliketi. Karatasi ilisomwa kwa Kiswahili cha ofisi, haraka haraka, nami wakati ule Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia chumvi. Niliona wanaume wakitikisa vichwa na mtu mmoja akiinua mkono mdomoni kama anayeshika mrija, sikuelewa. Mkunga aliulizwa ana nini cha kusema. Alisimama, akasema kwamba alishona tabaka kwa tabaka, na nyuzi zilikuwa nzima nilipotoka mikononi mwake. Wakamuuliza, basi zilifumuliwa na nini. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani hatua nane kutoka kwake, nikimtazama mtoto wangu kana kwamba simfahamu. Mkunga alisema hana la kuongeza. Akaketi.

Aliendelea kunisafisha mpaka Ijumaa ya tarehe 19 Januari 2007, aliposema kidonda kimefunga. Barua ya uhamisho wake ilifika mwanzoni mwa Februari. Alipelekwa kituo kimoja kisiwani, huko Muleba ziwani, wanakoishi wavuvi wa kuhamahama na wachuuzi wa samaki. Nilimwona akipanda gari na sanduku moja na ule mtungi wake. Sikwenda kumuaga. Kamba ya vitambaa ilikatwa kabla ya Pasaka.

Mume wangu alikuwa mtu mwema, naye hakuwahi kujua. Alifariki tarehe 4 Mei 2013. Kwetu mjane hukaa katika kibanja cha mumewe, yaani nyumba na migomba yake, kwa ridhaa ya ukoo, nami niliipata ridhaa hiyo kwa sababu nilikuwa mkwe mtulivu, asiyefukua. Mama mkwe na mimi tukabaki wawili. Tulilima migomba, tulianika kahawa, tulimsomesha mtoto mpaka akaenda sekondari ya bweni. Mwaka 2014, nikiwa na miaka ishirini na minane, niliketi darasa la watu wazima, nikashika kalamu kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 nilifaulu mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sisemi hayo kwa kujisifu; au tuseme nasema kwa kujisifu, kwani hakuna aliyebaki wa kunisifia.

Habari za Mkunga nililetewa na wachuuzi wa dagaa. Walisema kisiwani yupo nesi anayewalazimisha wake za wavuvi kutaja majina ya watu mpaka ganzi ishike. Mmoja, mke wa baharia aliyehamahama kambi hadi kambi, alitaja majina hadi dawa ikaanza kwisha. Tulicheka. Kisha yule mchuuzi akaongeza kwamba ni fundi kweli, ila wanasema ni mlevi, ndiyo maana aliletwa huko. Nilicheka na hilo pia, kwa sababu nilidhani ni uzushi wa ziwani.

Mwaka jana nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya zahanati yetu. Ndivyo nilivyoandika mwanzoni mwa ukurasa huu, nikayafuta maneno hayo, maana nataka tarehe ziwe sahihi: nilichaguliwa Machi 2024. Jumanne ya tarehe 9 Julai mwaka huo, nikipanga majalada ya zamani katika ofisi ya kijiji, niliikuta karatasi. Dole gumba langu nililitambua kwa lile kovu la panga. Nikasoma. Mstari wa sita uliandika kwamba muuguzi tajwa alimshona mlalamikaji akiwa amelewa rubisi, na kwamba mlalamikaji alisikia harufu ya pombe kinywani mwake.

Nilisoma mara tatu. Nilikuwa nimefika umri wa kusoma chochote, na hilo ndilo lililonisubiri.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti nilipanda gari kwenda Bukoba. Nilikuwa nimesikia kwamba amestaafu na anaishi Nshambya. Sikupotea, kwenye uzio wa nyumba ndogo niliona kamba imetandikwa vitambaa vyeupe juani, ingawa nyumba ile haikuwa na mzazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi, magoti yamevimba, nywele nyeupe kote. Nilimwamkia kwa Kihaya, kwa heshima zote. Alinitazama kitambo.

“Kilo Nne na Robo,” alisema. “Kidonda kilikaa vizuri?”

Nikamwambia kilikaa vizuri. Akanisogezea kisu cha pili, nikaketi, tukamenya. Wa kula alikuwa mmoja, lakini alikuwa anamenya ndizi za watu wanne. Aliniona nikizitazama, akasema mkono umezoea. Alisimulia kidogo kuhusu kisiwani: watu walikuja kwake wakiwa na uchungu na kuondoka wakishukuru, lakini hakuna aliyemkaribisha mezani wala aliyekwenda kuketi kwake, maana mlevi mwanamke huogopwa. Tangu alipopelekwa huko hakuonja rubisi tena. Alisema ni kibuyu kimoja tu alichokikosa, cha Jumapili, na kwamba wala si pombe aliyoikosa, ni kuketi hadharani.

Nikatoa nakala niliyoinakili kwa mkono wangu, nikamsomea yote, hata mstari wa sita. Hakuwahi kuisoma mwenyewe. Aliambiwa tu uzembe na ulevi. Nilipomaliza aliokota ganda lililoanguka, akalitia kwenye beseni. Nikamuuliza jambo nililolibeba miaka yote: kwa nini hakusema siku ile, na alikuwa anajua.

“Ningesema, ungelala wapi?” alijibu. “Kidonda kilikuwa hakijafunga.”

Nilimwambia nitakwenda mbele ya mkutano uleule kuifuta karatasi, nikamwomba aje. Alikataa. Alisema yeye hana kesi, kesi ni yangu, na magoti yake hayapandi vilima vya Muleba kwenda kutazamwa. Nilipoaga, “Kasinge, waitu,” nikimshukuru kama anavyoshukuriwa mkubwa, alinishika kiganja.

“Huyo mama mkwe wako yu hai?”

Nikasema yu hai.

“Basi usimshone bila ganzi.”

Nilielewa. Jumapili ya kesho yake, baada ya misa, nilimwandalia mama mkwe chai, nikaketi chini karibu na miguu yake, nikamwambia yote kabla hajayasikia mkutanoni. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Hakuruka. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, “Nilikandwa hivyo mimi. Mama yangu alikandwa. Ni nani aliyekufa?” Nikamwambia hakufa mtu, Mama. Aliyeumia ni mimi, na aliyelipa ni yule. Akageukia ukuta. Wiki tano tulizoishi kabla ya mkutano alinijibu salamu na si zaidi. Wanaume wa ukoo nao walikuja wawili wawili. Walinikumbusha kwa adabu kwamba marehemu hafukuliwi, na kwamba kibanja ni cha ukoo. Niliwakaribisha chai. Niliwaambia tarehe ya mkutano.

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 2024 mkutano mkuu wa kijiji uliketi uwanjani. Nilisoma maelezo yangu kwa Kiswahili, kisha nikayarudia kwa Kihaya, ili asibaki mtu mkekani akimtazama mtoto. Nilieleza kwamba nilishonwa vyema na mtu mwenye akili timamu, asiye na harufu ya kitu chochote ila sabuni. Kwamba nyuzi zilifumuliwa na maji ya moto. Kwamba nilijua, nikabonyeza. Sikumtaja aliyeyachemsha. Ndipo mama mkwe wangu akajiinua kwa fimbo yake, bila kuitwa.

“Maji niliyachemsha mimi,” alisema. “Ulevi sikuusema mimi.” Akaketi.

Mwenyekiti aliwahoji watu; mikono ikainuka. Azimio likaandikwa kwamba malalamiko ya mwaka 2006 hayakuwa ya kweli na yanafutwa, na nakala iende kwa mganga mkuu wa wilaya iwekwe katika jalada la muuguzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kalamu yangu mwenyewe. Niliifanyia mazoezi sahihi yangu usiku wa jana yake kama mtoto wa shule. Mtendaji, kijana mwenye adabu, alinisogezea kidau cha wino. Alisema samahani, mama, karatasi ya kwanza ina dole gumba, na inayoifuta haina budi kuwa na dole gumba lilelile, ndipo ijulikane ni mtu yuleyule. Nikafunga kalamu. Nikabonyeza, mbele yao wote.

Watu walitawanyika kwa njia zao. Hakuna aliyetembea nami. Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshafunga nguo zake katika kitenge. Bodaboda ilimngoja kumpeleka kwa binti yake, Buganguzi. Hakuniambia kama atarudi. Alinishika shavu, kama siku ile ya tano, akapanda.

Niliosha mkono kwa sabuni. Wino haukutoka. Nikaketi mlangoni, nikampigia Mkunga simu, nikamsomea azimio lote, na namba ya muhtasari, na saa. Nyuma yake nilisikia kuku wake.

“Kilo Nne na Robo,” alisema. “Walikuchoma au walikugusa?”

Nikamwambia walinichoma.

“Basi ngoja kwanza,” alisema. “Anza wewe, mimi nitaitikia.”

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni. Nikaanza Salamu Maria ya kwanza.